Saa Iliyokwenda Iringa

Ikupa, jirani yangu, anasema hivi. Siku maiti ya Mzee Matano ilipoletwa kutoka Iringa, wanawake wakiwa sebuleni wanalia, mimi niliingia chumba cha kuoshea nikijifanya napeleka maji. Nikafunua shuka, nikashika mkono wa marehemu, nikaivua saa yake, nikaifungua mfuniko kwa kucha. Anasema nilitoa ndani kitu kidogo kinachong'aa nikakificha chini ya ulimi, halafu nikairudisha saa palepale ilipokuwa na kutoka zangu. Ndiyo maana, anasema, ile saa haikukaa sana ikafa. Ameisimulia bombani, ameisimulia kwenye meza yake ya ndizi, na kila akiisimulia kinaongezeka kitu. Juzi nimesikia kwamba wakati natoka nilikuwa natabasamu.

Ikupa ni Mkristo wa Moravian, hajui kwamba maiti ya mwanamume wa Kiislamu huoshwa na wanaume, mlango umefungwa. Tena siku ile alikuwa sokoni Uyole. Alirudi na beseni lake kichwani watu wameshatoka makaburini, na mimi ndiye niliyemfungulia geti. Maiti haikuja na saa. Saa ilikuja kwenye mkono wa Abdulkarim, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekwenda Iringa kumfuata baba yake. Alipokuwa anasaidia kushusha jeneza, mkono wa kanzu ulipanda juu, na kila aliyekuwa uani aliiona. Mimi niliiona kuliko wote. Ilikuwa saa ya baba yangu.

Naitwa Ng'washi. Kwetu ni Usangu, ndani kidogo kutoka Igawa, ambako wazazi wangu walihamia na ng'ombe wakitokea Usukumani kabla sijazaliwa. Nilimaliza la saba nikaingia kwenye maziwa mgando, na maziwa yakanileta Uyole, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa Mzee Matano. Asubuhi nauza. Mchana, madumu yakishaoshwa, natandika kitambaa cheupe juu ya sinia na kukaa na saa zangu.

Ni saa za zamani, za kutia ufunguo, zile ambazo unazungusha kichwa cha pembeni mpaka springi ijae na kukukatalia. Hazina betri. Nyingine nimezitoa kwenye marundo ya mitumba Mbalizi, zimekuja ndani ya mifuko ya makoti ya watu wasiojulikana. Nyingine nimepewa na madereva wa malori waliochoka kuzibeba. Nazihifadhi kwenye bati la biskuti. Kila asubuhi kabla ya maziwa nazitia ufunguo moja moja, na iliyochoka naifungua. Nina kibano, nina bisibisi ambayo ncha yake ni nyembamba kuliko sindano, nina kioo cha kukuzia nilichokifunga kwa mpira nikivae jichoni. Kitambaa cheupe ni lazima, kwa sababu skrubu ya saa ikianguka kwenye sakafu yangu hiyo umeizika. Siziuzi. Hilo ndilo linalowaudhi watu. Msichana akiuza saa wanamwelewa, akikaa nazo tu, tena saa za kiume, wanaanza kutafuta sababu.

Ya kwanza kabisa ilikuwa ya baba. Baba yangu anaitwa Maganga. Zamani lori lilikwama Igawa, dereva akaona njaa, baba akampa beberu, dereva akavua saa mkononi. Baba akampelekea fundi mmoja pale barabarani, akamwambia amchoree ndani ya mfuniko alama ile ile anayowachoma ng'ombe wake, mwezi mchanga na kijiti katikati yake. Aliivaa malishoni miaka yote. Sasa macho yake yameziba, haoni mshale wala namba, ndipo akanipa niitunze. Lakini kila nikienda nyumbani, kabla hata sijakaa, ananyoosha mkono. Anaiweka sikioni, anatulia kama mtu anayesikiliza zizi. "Inacheua," anasema. Ng'ombe asiyecheua ni mgonjwa, kila mtoto wa kwetu anajua. Baba akishasikia saa inacheua ndipo ananiuliza habari za Mbeya.

Mzee Matano naye alikuwa mtu wa saa, na msidhani kwa hiyo tulipendana. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa, yeye alikuwa muadhini wa msikiti wetu wa pale mtaani, na saa zake alizifunga kwenye leso na kuzipanga kabatini. Alizisugua na dawa ya meno mpaka maandishi ya mgongoni yakaanza kufutika. Zangu nazisafisha ndani, nje naziacha na mikwaruzo yake. Hilo hakunisamehe.

"Binti Maganga," ananiambia, "saa yako ina uchafu kama nyayo zako."

"Yangu inatembea, mzee."

"Inatembea inakwenda wapi? Ninyi mnajua saa? Ninyi mnasoma jua kwenye mgongo wa ng'ombe."

Ndivyo tulivyoishi. Akinunua mpya ananiita niione, nikisema ni nzuri anasema sijui kitu, nikisema ni mbovu anasema nina kijicho. Lakini ikisimama ananiletea mimi.

Sasa kabla ya safari yake ya Iringa, ile saa anayoitegemea kwa adhana ikaanza kusimama alfajiri. Baridi ya Uyole ikikaza yenyewe inalala, jua likitoka inaamka. Nikamwambia ni mafuta ya cherehani anayoiwekea, ni mazito, yanaganda. Akasema cherehani ya mke wake haijawahi kulala. Lakini alikuwa anakwenda kuoza mjukuu kwa binti yake Nusrat, na simu haiamini, anasema simu inasema saa ya kampuni. Nikamwambia aniachie yake niioshe, akirudi ataikuta, na aende na yangu. Ningeweza kumpa nyingine yoyote kwenye bati. Nilimpa ya baba kwa sababu ndiyo aliyoitukana zaidi. Nilitaka akae nayo siku zote za harusi aone inavyoshika muda.

Tulikuwa barazani. Mke wake, Bi Mwanahawa, ambaye sote tunamwita Mama Abdul, alikuwa anachagua mchele. Mzee akaivaa, akautikisa mkono, akamgeukia.

"Mwanahawa, shuhudia. Leo nimevaa ng'ombe."

Mama Abdul alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Angalia asikupige teke," akasema. Mzee akaondoka nayo.

Alianguka uani kwa Nusrat, biriani halijateremka. Hakuamka tena.

Mimi nikasubiri. Msiba una adabu zake, huendi kudai kitu chako udongo haujakauka. Saa ya mzee nilishaifungua tayari, nikaiosha, nikayatoa yale mafuta, nikaiwekea tone dogo la mafuta yake ya haki kwa ncha ya sindano. Ikawa inatembea hata kwenye baridi. Nikaifunga kwenye leso safi. Khitma iliposomwa, watu wakatawanyika, mke akiwa ndani kwenye eda, nikamfuata Abdulkarim barazani. Yeye ana duka la spea Mbalizi, huwa anakuja kila Ijumaa.

"Kaka Abdul, pole tena na msiba. Nimekuletea saa ya mzee. Hiyo uliyovaa ni yangu, nilimwazima aende nayo Iringa."

Aliiangalia ile kwenye leso. Akaangalia ya mkononi. Halafu akacheka kwa pua.

"Baba yangu, mwenye kabati zima la saa, aazime kwako?"

"Yake ilikuwa inasimama. Muulize mama."

"Mama yuko kwenye eda, hasumbuliwi na mambo ya saa. Hii baba amekufa nayo mkononi. Niliivua mimi, kwa mkono wangu huu, bado ina joto lake. Wewe unaniletea kitu kwenye leso unasema tubadilishane."

"Ifungue nyuma. Ndani ya mfuniko kuna alama ya ng'ombe wa baba yangu."

"Nifungue ili upate nafasi ya kutoa kitu?" Ikupa alikuwa anapita na ndoo, akapunguza mwendo. Abdulkarim akapandisha sauti kidogo ili ndoo nayo isikie. "Kaa na hiyo bovu yako. Na ukome kuja kwenye msiba wa watu na mikono mirefu."

Nadhani hapo ndipo Ikupa alipoanza kuipika hadithi yake.

Nilikuwa natazama. Kila Ijumaa Abdulkarim anaingia akiwa na saa ya baba mkononi, anaingia ndani kumsalimu mama yake, anatoka kwenda msikitini mkono mtupu, akirudi anaingia tena, anatoka nayo. Sikuelewa kwa nini anaivua. Nilihesabu tu kwamba inatembea, maana alikuwa anaiangalia kila mara kama mtu mwenye haraka. Igawa nikaacha kwenda. Maziwa nikawa nayapokea stendi kwa kijana wa basi, na salamu natuma kwa simu. Mdogo wangu Helena akapiga. "Baba anauliza mbona huji. Anauliza inacheua?" Nikamwambia mtandao unakata.

Ikaja Ijumaa ambayo Abdulkarim alifika moja kwa moja kwenye mlango wangu, hakubisha. Nyuma yake alikuwepo Ikupa, na nyuma ya Ikupa majirani wengine wawili watatu waliokuwa hawana kazi.

"Imesimama," akasema. Akaitupa juu ya kitambaa changu cheupe, skrubu za saa nyingine zikaruka. "Ulichokifanya, kitengue."

"Sijafanya kitu. Haijapita mkononi kwangu tangu mzee aondoke."

"Si umeifanyia Iringa hukohuko kwa dawa zenu," akasema Ikupa. "Wasukuma wana dawa ya mbali."

"Ikupa, maziwa yangu unakunywa kila siku hujafa."

Mmoja akacheka. Ikupa akafunga kanga vizuri. "Ndiyo nimeacha leo."

Nikaichukua saa. Sikuwa nimeigusa tangu siku ile ya ungo wa mchele. Niliiweka sikioni, kimya. Niliizungusha kichwa, springi ilikuwa imejaa, kwa hiyo nguvu ilikuwepo, kitu kilikuwa kinazuia. Nikavaa kioo, nikamwambia Abdulkarim asogee aone, nisije nikaambiwa nimetoa. Akasogea mpaka nikasikia pumzi yake. Nikafungua mfuniko.

Kilichotoka kwanza ni harufu. Udi. Ulitoka humo kama mtu amefungua sanduku la bibi harusi. Gia zote zilikuwa na utandu wa rangi ya chai, na lile gurudumu dogo linaloyumba huku na huku lilikuwa limenata. Ukiligusa na kibano lilitaka kwenda likashindwa, kama mguu kwenye tope la mpunga.

Nikageuza mfuniko. Mwezi mchanga na kijiti katikati.

"Hii hapa," nikasema. "Niliyokwambia. Na kilichoiua ni moshi. Mmeifukiza. Saa za zamani hazina mpira wa kuziba, moshi unaingia, joto la mkaa linayeyusha mafuta, udi unashika mahali pake."

Wote waliinama kuangalia ule mwezi. Nilimwona Abdulkarim ameuona. Macho yake yalitulia pale, na kwa kitambo kifupi nilidhani imekwisha. Halafu akanyooka.

"Baba alikuwa anakuletea saa zake uzifungue. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Zote alikuletea wewe."

"Ndiyo."

"Basi ulichora wewe. Unafungua saa za watu unachora alama za ng'ombe wako ndani, mwenyewe akifa unakuja kudai. Umewafanyia wangapi hivyo?"

"Mchoro huu ni wa zamani, angalia ulivyokuwa mweusi. Ningechora mimi ungekuwa unang'aa."

"Sijui mambo ya kung'aa. Na unasema mama yangu ameiua saa ya mume wake kwa udi wake wa msiba. Mjane. Mmesikia?" Aliwageukia wale watu. "Mjane yuko ndani anafukiza nguo za mume wake, huyu anamwita muuaji."

Walisikia. Walikuwa wamekuja kusikia.

Akaichukua saa ya baba, mfuniko akaubandika kwa kidole gumba, haukukaa sawasawa. Akatazama sinia. Saa ya Mzee Matano ilikuwa pale pembeni kwenye leso yake, inatembea. Akaichukua nayo.

"Hiyo iache," nikasema.

"Kwa nini? Si umesema mwenyewe ya baba?"

Akaziingiza zote mbili mfukoni mwa kanzu, zikagongana.

"Na chumba nakitaka," akasema akiwa mlangoni. "Mama akitoka eda hapa hapakai mtu. Nenda kasugue saa kwenu."

Ikupa alibaki nyuma akiangalia bati langu la biskuti. "Kwani humo ziko ngapi za marehemu?" akauliza, kwa upole kabisa, kama anauliza bei ya maziwa.

Ijumaa iliyofuata nikampelekea Mama Abdul maziwa. Mwanamke aliye edani wanawake wanaruhusiwa kumwona, na maziwa yangu alikuwa anayapenda kabla ya yote haya. Nilingoja Abdulkarim atoke kwenda msikitini. Nilimwona anatoka, mkono mtupu.

Chumba kilikuwa na giza la mapazia na moshi. Mama Abdul alikuwa ameketi kwenye mkeka, nguo zake za kawaida kabisa, hana bangili hata moja, mikono yake ikaonekana kama ya mtu mwingine. Mbele yake kulikuwa na chetezo cha udi, na juu ya chetezo tenga la kufukizia lililofumwa wazi wazi kama kizimba cha kuku. Kanzu za mzee zilikuwa zimetandazwa juu ya tenga, moshi unazipita. Juu ya kanzu ilikuwa kofia yake. Juu ya kofia ilikuwa saa ya baba yangu, mfuniko bado umepinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta maziwa?"

"Nimeleta."

"Weka pale. Kaa."

Nikakaa. Tenga lilikuwa karibu na goti langu. Ningenyoosha mkono tu. Ningeiingiza kwenye mfuko wa gauni, ningepita Ikupa getini, ningepanda gari la kwanza la Igawa, na jioni baba angekuwa ameishika. Niliwaza hivyo nikiwa naangalia moshi unavyoingia kwenye ule ufa wa mfuniko. Lakini siku hiyo ningemfanya Ikupa kuwa msema kweli, na kila alichowahi kusema kingekuwa kweli pamoja na hilo.

"Mama, moshi unaiua."

"Ndivyo Abdul alivyoniambia umesema." Hakuonyesha hasira. Aliigeuza kanzu upande wa pili, saa akainyanyua kidogo na kuirudisha pale pale. "Nguo zake zilikuwa zinanukia udi kila Ijumaa. Miaka yote. Siwezi kuziacha zinuke kabati. Na hiki ndicho alichokuwa nacho mwilini. Nguo alizofia walizichana Iringa hospitali. Imebaki hii."

"Ni ya baba yangu, mama. Haoni. Anaisikiliza."

Akanyoosha mkunjo wa kanzu. Halafu akasema, "Abdul ananihamishia Mbalizi. Kwake. Ameshapima mahali pa kitanda changu, chumba kimoja na watoto." Alisema kama anazungumzia mzigo wa mtu mwingine. "Mke wake hapendi harufu ya udi."

"Hukumwambia kwamba ulikuwepo mzee alipoivaa?"

"Hajaniuliza."

"Alisema wewe husumbuliwi."

"Basi sijasumbuliwa."

Huko nje Ikupa alikuwa anafagia karibu na dirisha, sehemu ambayo imeshafagiwa. Ufagio ukawa unakwenda polepole, halafu hauendi kabisa. Nikashusha sauti, lakini sikuishusha sana. Nilitaka na yeye asikie.

"Mama, mzee alikutaja jina. Alisema Mwanahawa, shuhudia. Ukacheka mpaka ukaweka ungo chini. Sitaki uitoe hapo unipe. Sitaki umgombeze. Na ile ya mzee niliyoiosha, ambayo inatembea na Abdul anayo, ni haki yako, iweke hapo juu ya kofia badala ya hii. Ila Abdul akirudi sasa hivi kutoka msikitini, mwambie alichosema baba yake. Maneno yale matatu tu. Kwamba leo nimevaa ng'ombe."

Mama Abdul akachukua kipande cha udi kwenye kisahani, akakitazama, akakiweka juu ya kaa la moto. Moshi mpya ukapanda. Akaisogeza saa kidogo, mpaka ikakaa katikati ya kofia.

Geti likalia. Nikasikia ndala za wanaume zinakuja barazani na sauti ya Abdulkarim inamwambia mtu karibu.

"Utamwambia, mama?"

Alikuwa anapuliza makaa.